USITIE SAINI PEKE YAKO

*Taarifa ya Ofisi ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wote*



Katika miezi ya karibuni ofisi ya tawi imewapokea wanachama kadhaa wakiwa na barua za kuachishwa kazi mkononi. Wengine wanatoka kwenye chai, wengine kwenye mbao na miwati, wengine kwenye vituo vya kufungashia parachichi, wengine kwenye maduka na nyumba za wageni hapa Makambako. Tuhuma zao hazifanani. Lakini tukizipanga karatasi zao mezani, tunakuta kitu kimoja kinajirudia. Kabla ya kikao cha nidhamu, na mara nyingine bila kikao chochote, mhusika aliitwa ofisini, akapewa kalamu, akaambiwa aandike maelezo. Akaandika akiwa peke yake mbele ya wakubwa wawili au watatu. Akatia saini. Barua ya kuachishwa ilipokuja, ilinukuu maneno yake mwenyewe.

Na karibu wote walituomba jambo moja: "Katibu, mpigie simu meneja."

Tumeona tulizungumze jambo hili kwa wanachama wote kwa mara moja, kwa sababu linawagusa wengi kuliko waliofika ofisini.

*Sheria inasema nini*

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na mambo mawili: sababu ya haki na utaratibu wa haki. Likikosekana moja, uachishaji huo una kasoro. Na mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikuwa wa haki uko kwa mwajiri, hauko kwa mfanyakazi.

Utaratibu wenyewe umeelezwa katika Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Mwenye simu aiandike namba hiyo, na aandike pia Kanuni ya 13, kwa sababu humo ndimo yalimo haya:

1. Mwajiri afanye uchunguzi kwanza, ajue kama kuna jambo la kumshtaki mtu nalo.

2. Mfanyakazi aelezwe tuhuma kwa namna na kwa lugha anayoielewa. Kama barua imeandikwa kwa Kiingereza na wewe hukisomi, una haki ya kusema hivyo.

3. Apewe muda wa kutosha kujiandaa, ambao kwa kawaida hautapungua saa 48.

4. Asaidiwe katika kikao na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au na mfanyakazi mwenzake.

5. Mwenyekiti wa kikao awe kiongozi wa ngazi ya kutosha katika menejimenti ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Msimamizi aliyekutuhumu hawezi pia kuwa hakimu wako.

6. Ushahidi uletwe mezani. Mfanyakazi ajibu, awaulize maswali mashahidi, na alete mashahidi wake.

7. Akikutwa na kosa, apewe nafasi ya kueleza mambo ya kumpunguzia adhabu kabla adhabu haijatolewa. Kisha apewe uamuzi na sababu zake.

Tuisome tena ile namba 4. Haisemi lazima uwe na wakili, wala haisemi lazima uwe mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Hata pale ambapo hakuna chama chochote kazini, mfanyakazi mwenzako anaweza kukaa pembeni yako. Mpishi wa nyumba ya wageni anaweza kusindikizwa na mhudumu wa mapokezi. Keshia anaweza kusindikizwa na mtunza stoo.

Haki hii wenzetu wa jirani pia wanayo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati anapoelezwa sababu za kutaka kumwachisha. Uganda nayo, katika sheria yake ya ajira ya mwaka 2006, inamruhusu mfanyakazi aje na mtu wa chaguo lake. Na juu ya yote, Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inataka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki zake zinapofanyiwa uamuzi.

*Pengo liko wapi*

Kama sheria iko wazi hivi, mbona watu wetu wanaendelea kufukuzwa kwa karatasi walizoandika peke yao?

Jibu ni kwamba Kanuni ya 13 inaposema usaidiwe, inataja kikao. Lakini safari ya kufukuzwa haianzi kwenye kikao. Inaanzia kwenye "njoo ofisini mara moja." Inaanzia kwenye barua ya kujieleza inayotolewa saa nne asubuhi na kudaiwa majibu kabla ya saa sita. Inaanzia stoo, getini kwa mlinzi, au kwenye mizani ya chai. Mwajiri anasema hapo hakuna kikao, ni uchunguzi tu, kwa hiyo mwakilishi wa nini?

Hapo ndipo kesi zinapoharibika. Mtu aliyetishwa huandika zaidi ya alilolifanya. Mwingine huandika "naomba msamaha" kwa heshima tu, kama tunavyofundishwa nyumbani kumwomba radhi mkubwa hata ukiwa huna kosa. Kwenye jalada neno hilo linasomwa kuwa amekiri. Na mahakama zetu zimeshakubali kwamba mfanyakazi aliyekiri kosa lake kwa maandishi anaweza kuachishwa kihalali hata kama kikao kamili cha nidhamu hakikufanyika. Maana yake, ile karatasi ya asubuhi inaweza kukifuta kikao chote cha baadaye, pamoja na saa 48 na mwakilishi wako.

Tuchukue mfano. Mama anafanya kazi kwenye kituo cha kufungashia parachichi Njombe. Hesabu ya kreti jioni inapungua. Anaitwa, anaambiwa: "Zamu ilikuwa yako, andika kwamba kreti zimepotea mikononi mwako." Anaandika hivyo, kwa sababu kweli zamu ilikuwa yake. Angekuwa na mwenzake, huyo angeuliza maswali matatu ya kawaida kabisa. Nani alihesabu asubuhi? Fomu ya makabidhiano iko wapi? Gari lililopakia saa tisa liliandikiwa kreti ngapi? Huenda majibu yangemtia hatiani. Huenda yangeonyesha kosa ni la kuhesabu. Kwa sasa hakuna atakayejua, maana hakuna aliyeuliza.

Wanachama mnajua jinsi tunavyotunza fedha za tawi. Shilingi haitoki kwa saini moja. Vocha ina aliyeiandaa, aliyeikagua na aliyeidhinisha. Hatufanyi hivyo kwa kuwa mweka hazina ni mwizi. Tunafanya hivyo kwa sababu mtu mmoja akiwa peke yake na karatasi anaweza kukosea, na anaweza kulazimishwa. Kama kwa elfu hamsini ya nauli tunataka saini tatu, itakuwaje ajira ya mtu, ambayo ni ada za watoto na kodi ya nyumba, iondoke kwa saini yake moja aliyoiweka kwa hofu?

*Mfano wa mbali unaofaa kujulikana*

Swali hili la mahojiano ya mwanzo liliwahi kufika Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1972, katika mji wa Houston, mama aitwaye Leura Collins alikuwa mhudumu wa chakula katika duka la kampuni ya J. Weingarten. Alituhumiwa kuchukua kuku wa dola 2.98 na kulipa dola 1 tu. Aliitwa kuhojiwa. Akaomba zaidi ya mara moja mwakilishi wa chama chake aitwe, akakataliwa. Uchunguzi ukaonyesha hakuiba: alichukua vipande vya dola 1, ila alivitia kwenye boksi kubwa kwa sababu madogo yalikuwa yamekwisha. Kwa uchungu akalia, akasema kitu pekee alichowahi kuchukua bila kulipa ni chakula cha mchana. Mahojiano yakaanza upya hapo hapo. Akaandikiwa karatasi ya kukiri kwamba anadaiwa takriban dola 160 za chakula. Akakataa kutia saini. Baadaye ikaonekana wafanyakazi wengi wa idara ile, pamoja na meneja wao, walikuwa wakila bila kulipa.

Mwaka 1975 mahakama hiyo iliamua, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwamba mfanyakazi mwenye chama anayeogopa kwa sababu za msingi kwamba mahojiano yatamletea adhabu, ana haki ya kudai mwakilishi wake awepo. Lakini lazima aombe mwenyewe. Asipoomba, mwajiri hana wajibu wa kumkumbusha.

Uamuzi ule hauna nguvu ya sheria hapa kwetu. Tunautaja kwa sababu ya somo lake: haki ya kikao haikamiliki kama mahojiano ya kabla ya kikao yanafanyika gizani. Pengo hilo sisi tunaweza kuliziba bila kusubiri Bunge, kwa njia ambayo sheria yetu tayari imeiweka. Chama cha wafanyakazi chenye wanachama wengi kazini kinatambuliwa kuwa msemaji wao na kinafunga mkataba wa hali bora na mwajiri. Mikataba hiyo mara nyingi hujadili mishahara, sare na usafiri. Iongezwe sentensi moja tu: hakuna mfanyakazi atakayeandikishwa maelezo juu ya tuhuma dhidi yake kabla hajapewa nafasi ya kumwita mwakilishi wake. Kwa mwajiri haigharimu shilingi.

*Kwa nini hatutapiga simu*

Sasa tuseme wazi juu ya ile simu kwa meneja.

Tawi la siasa si chama cha wafanyakazi. Kiti cha pembeni ya mfanyakazi katika kikao cha nidhamu kimewekwa kwa ajili ya mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Katibu wa tawi la siasa hamo katika orodha hiyo, na hatupaswi kujipenyeza.

Lakini kuna sababu kubwa zaidi. Simu ya mkubwa inamrudisha mmoja kazini na kumwacha mwingine aliyefukuzwa siku hiyo hiyo kwa sababu hana anayemjua. Anayerudishwa kwa simu anaweza kuondolewa kwa simu. Na meneja aliyezoea simu hujifunza kuogopa wakubwa, hajifunzi kufuata utaratibu. Nchi hii ilishajadili jambo hili zamani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye kiburi na uonevu kwa walio chini yao, na wafanyakazi viwandani waliushika wakasimama dhidi ya mameneja waliowadharau. Waliona kwamba heshima kazini ni haki ya kila mmoja, haitolewi kama zawadi.

Kwa hiyo msimamo wa tawi ni huu: hatutaomba huruma kwa niaba ya mtu mmoja mmoja. Tutasaidia kila mwanachama ajue utaratibu, na tutasema hadharani pale unapovunjwa.

*Kwa wanachama ambao ni waajiri*

Tunao. Wenye viwanda vya mbao, maduka ya jumla, nyumba za wageni, malori na mashamba ya parachichi wamo humu na wanasoma. Wengine watasema: mfanyakazi ameiba, mimi namleta mtetezi wa nini? Atamfunika mwizi na biashara itakwama.

Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu wizi upo na unaumiza, hasa biashara ndogo. Lakini mwakilishi hana kura katika kikao. Hamwachii mtu huru. Anauliza maswali, anaandika kumbukumbu na kuhakikisha ushahidi unaonekana. Kama ushahidi upo, maswali hayataufuta, na uamuzi wako utasimama hata mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama haupo, ni nafuu uambiwe siku hiyo ofisini kwako kuliko baada ya miezi, ukiwa unadaiwa fidia. Na kumbuka: ukimfukuza asiye na kosa, aliyekuibia bado yuko stoo.

Tawi linatarajia mwanachama wake aliyeajiri hata watu watatu atangulie kutenda tunayoyadai kwa wengine.

*Ukiitwa ofisini, fanya hivi*

Kwanza, nenda. Usikimbie wala usigome. Kanuni zinamruhusu mwajiri kuendelea na kikao bila wewe ukikataa kuhudhuria bila sababu ya msingi.

Pili, uliza kwa adabu: "Naitwa kwa jambo gani, na linaweza kuniletea adhabu?" Ukiambiwa ndiyo, au ukiona dalili, sema: "Naomba mwakilishi wangu awepo, au mwenzangu fulani." Sema mbele ya mtu mwingine. Ukipewa karatasi, ombi hilo liwe mstari wa kwanza.

Tatu, usiandike usichokijua na usiandike maneno ya kuambiwa. Unaweza kuandika: "Nimeipokea barua hii leo saa fulani. Naomba muda wa kujiandaa na kusaidiwa na mwakilishi wangu kabla ya kujibu." Hiyo si jeuri. Na pale unapotakiwa kusaini kwamba umepokea barua, andika neno "nimepokea", tarehe na saa, ili saini yako isije ikasomwa kuwa umekubali yaliyomo.

Nne, omba nakala ya kila karatasi. Ukinyimwa, andika kwenye daftari siku hiyo hiyo: nani alikuwepo, saa ngapi, kilisemwa nini.

Tano, ukiachishwa kazi na unaona si haki, hesabu siku. Una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, kwa fomu Na. 1. Wengi wamepoteza haki zao wakisubiri simu ya mkubwa mpaka siku 30 zikapita. Baada ya hapo utahitaji kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu za kuchelewa, na unaweza kukataliwa.

Mambo mawili ya kuzingatia. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo hana ulinzi wa vifungu vya uachishaji usio wa haki, kwa hiyo awe mwangalifu zaidi. Na watumishi wa umma, kama walimu na watumishi wa halmashauri zetu, wana njia yao chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Hao wawaone mapema viongozi wa CWT, TALGWU au TUGHE mahali walipo.

*Kabla hujaitwa*

Mwakilishi haitwi siku ya moto kama hakuwepo siku ya jua. Sheria imeweka idadi: chama kikiwa na wanachama 1 hadi 9 mahali pa kazi, kina haki ya mwakilishi 1, wanachama 10 hadi 20, wawakilishi 3, wanachama 21 hadi 100, wawakilishi 10, zaidi ya 100, wawakilishi 15, na kati yao wasiopungua 5 wawe wa wanawake, kama wapo wanawake kazini walio wanachama. Kazi ya kwanza ya wawakilishi hao iliyotajwa kwenye sheria ni kuwawakilisha wanachama katika malalamiko na vikao vya nidhamu, tena kwa muda wa kazi wenye malipo.

Kwa hiyo kila mwanachama aliyeajiriwa ajibu maswali haya wiki hii. Chama chetu cha wafanyakazi kazini ni kipi: TPAWU kwa mashambani, TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa mahoteli, TRAWU kwa reli, au kingine? Mwakilishi wetu ni nani, na namba yake ninayo? Kama hayupo, ni mwenzangu gani nitakayemwomba anisindikize, naye nitamsindikiza siku yake ikifika? Hilo la mwisho halihitaji ada wala fomu. Linahitaji watu wawili wenye kuaminiana.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, ofisi ya tawi itakuwa na kikao cha kuisoma Kanuni ya 13 kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Waajiri nao wanakaribishwa. Mwenye barua ya kujieleza mkononi asisubiri Jumamosi. Aje leo, kabla hajatia saini.

Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi. Mfikishie na mwenzako asiye na simu ya intaneti.